Bei ya Ua Adimu Yatoka Wapi?

Mtu aingiapo katika kitalu cha maua huweza kuviona vyungu viwili vimekaa sako kwa bako. Kimoja kina lile ua dogo la Usambara ambalo Wazungu hulipanga madirishani mwao, lenye rangi ya zambarau na majani yenye manyoya laini. Cha pili kina ua la Usambara vile vile, ila petali zake zina mistari itokayo katikati kama spoki za gurudumu la baiskeli. Udongo ni mmoja, maji ni mamoja, na mikono iliyovitunza ni ile ile. Lakini cha pili huuzwa ghali kuliko cha kwanza, na mnunuzi huondoka akinung'unika kwamba mwenye kitalu alivitazama viatu vyake kabla ya kumtajia bei.

Pengine kweli alivitazama. Hata hivyo, tofauti ya vyungu hivyo viwili ina sababu, na mwenye kuifahamu ameshika ufunguo wa biashara yote ya mimea adimu.

Ua la Usambara la kawaida huzaliwa kwa jani. Mtunza bustani hulikata jani moja pamoja na kikonyo chake, akalichomeka katika mchanga wenye unyevu, akalifunika lisikauke. Baada ya majuma kadhaa vitoto huchomoza chini ya kikonyo, na vyaweza kuwa zaidi ya kimoja kwa jani moja. Basi mmea mmoja wenye majani mengi waweza kuwa ukoo mzima kabla ya mwaka kwisha. Lakini lile lenye mistari limeumbika kwa tabaka mbili za asili mbalimbali, moja ikiifunika nyingine, kama kanzu juu ya shati. Ukilipanda jani lake, kwa kawaida vitoto huzaliwa kutokana na tabaka moja tu, na mistari hupotea. Mwenye kitalu hana budi kungoja mmea wenyewe uote chipukizi shinani, au akihangaishe kikonyo cha ua mpaka kitoe machipukizi, na kila mara hupata vichache. Anachomwuzia mnunuzi, basi, si uzuri wa petali hasa. Anamwuzia uzazi wake mgumu, na miezi aliyoingoja.

Hilo ndilo neno tulilokusudia kulieleza, maana wengi hudhani kwamba bei ya mmea adimu ni bei ya sura. Sura huwavuta wateja, hapana shaka. Lakini mimea mizuri mno, kama asumini na waridi, hununuliwa kwa fedha kidogo kwa kuwa kila mwenye kisu na kopo la maji aweza kuizidisha. Mmea huwa ghali pale shauku ya watu inapokwenda mbio kuliko kuzaliana kwake. Na siku kuzaliana kunapoifikia shauku, bei huanguka, wala hapana mfanyabiashara awezaye kuizuia kwa muda mrefu.

Mfano wa zamani tuujuao sana watoka katika mji wa Istanbul, enzi ya Sultani Ahmed wa Tatu, aliyetawala tangu 1703 hata 1730. Ua lililopendwa huko lilikuwa tulipu, ambalo Waturuki huliita *lale*. Walilipenda kwa umbo, na pia kwa jina: herufi za neno hilo, kwa hati ya Kiarabu, ni zile zile zilizomo katika jina la Allah na katika neno *hilali*, na kwa hesabu ya abjadi yote matatu hutimia 66. Waungwana wa Istanbul hawakulipenda tulipu nene la duara ambalo Waholanzi walilipenda. Wao walitaka petali nyembamba, ndefu, zilizochongoka nchani kama sindano. Mkuu wa watunza maua wa Sultani, Sheikh Mehmed Lalezari, aliandika kitabu alichokiita *Mizani ya Maua*, akaeleza ndani yake sifa ambazo ua lazima liwe nazo ndipo lihesabiwe kuwa bora. Palikuwa na baraza la wajuzi waliokaa kuyapima maua mapya, na ua lililoshinda ndilo lililopewa jina na kuingizwa daftarini.

Pakiwa na majina na daftari, bei nazo hufuata. Tunguu za majina makubwa, kama lile lililoitwa Mkuki wa Komamanga, zilipanda thamani mpaka serikali ikaingilia. Katika miaka ya 1720 zilitangazwa orodha rasmi za bei, zenye mamia ya aina za tulipu, kila aina na kima chake, na aliyeuza kwa zaidi alijitia katika adhabu. Bei ya namna hiyo, iliyowekwa na dola, Waturuki waliiita *narh*, na walikuwa wamezoea kuiweka juu ya mkate, nyama na kuni.

Hapa yafaa tusimame kidogo. Imepokewa kwamba bei zilipopanda Madina, watu walimwomba Mtume, rehema na amani zimshukie, awawekee bei, naye hakukubali, akihofia kumdhulumu mtu katika damu yake au mali yake. Wanazuoni waliokuja baadaye, Ibn Taymiyya akiwa mmojawapo, waliona kwamba mtawala aweza kuweka bei pale ambapo wafanyabiashara wamehodhi kitu ambacho watu wanakihitaji, na umma unadhurika. Kwa mkate twaelewa. Lakini tunguu la tulipu si mkate, wala hapana maskini wa Istanbul aliyelala na njaa kwa kulikosa. Sisi twaona kwamba orodha zile hazikuwekwa kwa ajili ya maskini. Walionunua tunguu ghali walikuwa mawaziri na maofisa wenyewe, na aliyelindwa na orodha ni mnunuzi tajiri dhidi ya muuzaji mjanja. Mwezi wa Septemba 1730 watu wa mji, wakiongozwa na Patrona Halil, waliasi. Waziri mkuu, Damat Ibrahim Pasha, akauawa, na Sultani akaondolewa katika kiti. Mambo ya uasi ule yalikuwa mengi, vita na kodi yakiwa mbele, lakini anasa za bustani nazo zilitajwa katika manung'uniko.

Karibu miaka mia moja kabla ya hapo, Waholanzi walikuwa wamelionja pigo la namna nyingine. Tulipu liliwafikia kutoka nchi za Waturuki. Mtaalamu wa mimea Carolus Clusius alilipanda katika bustani ya chuo cha Leiden mwaka 1593 na baada yake. Waliloliona kuwa la thamani kuliko yote ni tulipu lenye michirizi, kama mwali wa moto juu ya theluji. Wasilolijua ni kwamba michirizi ile ni ugonjwa. Mwaka 1928 Dorothy Cayley, mtaalamu wa Uingereza, alionyesha kwamba hupitishwa kutoka tunguu moja hata jingine kama maradhi. Na sasa twajua kwamba ni virusi viletwavyo na vidukari. Virusi hivyo hulidhoofisha tunguu, likazaa vitoto vichache zaidi. Kwa hiyo kile kile kilicholipamba ua ndicho kilichouzuia uzao wake, nayo bei ikapanda kwa sababu zote mbili kwa pamoja.

Mtu aliyetaka kupanda mbegu alingoja miaka mitano hata saba kabla ya kuliona ua la kwanza. Na kwa kuwa tunguu hukaa ardhini sehemu kubwa ya mwaka, wafanyabiashara walianza kuuziana karatasi: fulani anamwahidi fulani tunguu ambalo halijafukuliwa, naye humwuzia wa tatu kabla hajaliona. Waholanzi wenyewe waliiita biashara ya upepo. Siku za kwanza za Februari 1637, katika mji wa Haarlem, wanunuzi hawakutokea, na bei zikaporomoka. Siku mbili tatu baadaye, huko Alkmaar, tunguu za marehemu Wouter Winkel ziliuzwa mnadani kwa ajili ya yatima zake, zikaleta jumla ya gulden 90,000 hivi, katika nchi ambayo fundi alipata kama gulden 300 kwa mwaka. Vitabu vingi vimesimulia kwamba baada ya hapo nchi nzima ilifilisika na watu wakajitupa mitoni. Mwanahistoria Anne Goldgar, katika utafiti alioutoa mwaka 2007, alizichambua hati za wakati ule akaona kwamba waliofilisika walikuwa wachache mno. Kilichovunjika zaidi ni uaminifu kati ya jirani na jirani, maana waliokuwa wameahidi kununua walikataa kulipa. Msomaji aliyesoma fiqhi atakumbuka katazo la kuuza matunda kabla hayajaonyesha kukomaa, na katazo la kuuza kisichojulikana hali yake; hapa ataiona hekima yake bila ya kuelezwa zaidi.

Baada ya tulipu ikaja okidi. Katika karne ya 19 matajiri wa Uingereza walizigombea katika minada ya London, na wenye vitalu wakubwa, kama Frederick Sander wa St Albans, waliwatuma watu wao katika misitu ya Amerika ya Kusini na Asia kuzing'oa kwa maelfu. Vitaluni hazikuweza kuzalishwa kwa wepesi: mbegu ya okidi ni kama vumbi, haina akiba ya chakula, na porini huota kwa msaada wa kuvu. Mwaka 1922 Lewis Knudson wa chuo cha Cornell, Marekani, alieleza jinsi ya kuiotesha mbegu hiyo ndani ya chupa, juu ya ute mgumu uliotiwa sukari na chumvichumvi, pasipo kuvu. Mwaka 1960 Mfaransa Georges Morel akaonyesha kwamba kipande kidogo cha ncha ya chipukizi, kikilelewa chupani, huzidishwa kikawa mimea mingi iliyo sawa na mama yao. Leo okidi ya Phalaenopsis huuzwa katika maduka ya vyakula ya Ulaya, pembeni mwa viazi.

Chupa hizo ndizo zinazoitawala biashara ya leo. Wakati wa maradhi ya korona, watu wakiwa wamefungiwa majumbani, shauku ya mimea ya ndani ilipanda ghafula katika Marekani, Ulaya na kwingineko. Monstera, yule mtambaji mwenye majani makubwa yaliyotoboka ambaye huku kwetu hupanda juu ya miembe bila ya kuombwa, alipotokea na mabaka meupe aliuzwa kwa mamia ya dola kwa kipandikizi kimoja. Mwezi wa Juni 2021, huko New Zealand, mche mmoja wa Rhaphidophora tetrasperma wenye mabaka meupe uliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola 27,000 za nchi hiyo. Kisha maabara zikaanza kazi. Aina ile ya Monstera iitwayo Thai Constellation, ambayo mabaka yake hudumu hata ikizalishwa chupani, imetolewa kwa wingi, na bei yake imeshuka mpaka mtu wa kawaida aweza kuinunua. Aliyeinunua kwa bei ya kilele ili auze vipandikizi hakudhulumiwa na mtu. Aliinunua tu haki ya kutangulia, nayo ni bidhaa inayooza upesi.

Dhuluma huingia mahali pengine. Pamekuwapo mmea uliouzwa kwa jina la Philodendron Pink Congo, wenye majani ya waridi yenye kupendeza. Wanunuzi waliulipia bei ya mmea adimu. Baada ya miezi kadhaa, majani mapya yalitoka ya kijani kitupu, kwa maana waridi ile haikuwa maumbile yake. Ilipatikana kwa kuutia mmea dawa kitaluni, na dawa ilipokwisha nguvu mmea ukarudia asili yake. Kila Mwislamu aliyekwenda chuoni ameisikia habari ya muuza nafaka wa Madina, ambaye Mtume alitia mkono katika rundo lake akaikuta chini imelowa, naye akaambiwa aiweke juu watu waione. Muuza Pink Congo aliyejua na akanyamaza ni mwenziwe yule. Na yule ambaye katika mnada huongeza bei bila nia ya kununua, ili mwenziwe apande juu zaidi, hilo lina jina lake katika sheria yetu, ni *najash*, na limekatazwa.

Lakini lililo baya kuliko yote halimfiki mnunuzi, laufikia msitu. Kwani mmea usiozaliana upesi kitaluni huibwa porini. Katika Afrika ya Kusini imo jamii ya saikadi ziitwazo Encephalartos, ambazo kwa mbali mtu hudhani ni minazi mifupi. Hukua polepole mno, na ukoo wa saikadi kwa jumla umekuwapo duniani tangu kabla ya maua. Moja yake, Encephalartos woodii, ilionekana mwaka 1895 na John Medley Wood katika msitu wa oNgoye, mti mmoja dume, wala hapana jike lililopata kuonekana mpaka leo. Iliyopo duniani yote ni machipukizi ya mti ule. Nyingine, Encephalartos latifrons, imebaki michache sana porini. Mwaka 2014 wezi waliingia katika bustani ya Kirstenbosch, Cape Town, wakaing'oa mimea 24 ya aina hiyo. Serikali ya huko imejaribu kuzitia saikadi vidude vidogo vya utambulisho; wezi nao wakajifunza kuvichimbua. Biashara ya mataifa ya saikadi za porini za jamii hii imekatazwa kwa mkataba wa CITES, lakini mwenye bustani aliye tayari kulipa bila ya kuuliza cheti ndiye anayemlipa mwizi mshahara.

Waaustralia walishika njia nyingine, nasi twaipendelea. Mwaka 1994 David Noble, mlinzi wa hifadhi ya Wollemi, aliteremka katika korongo akakuta miti asiyoijua. Ikatambulikana kuwa ni ya ukoo uliodhaniwa umekwisha toweka zamani sana. Miti mizima iliyopo haifiki mia. Mahali ilipo pamefanywa siri, lakini wenyewe hawakutosheka na siri. Waliizalisha kwanza kitaluni, kwa miaka kumi. Kisha Oktoba 2005 wakauza miche 292 ya kwanza katika mnada huko Sydney, kwa zaidi ya dola milioni moja za Australia. Na mwaka uliofuata miche ikaanza kuuzwa kwa watu wote. Tajiri alilipia kutangulia, asiye tajiri alipata yake baadaye, na mwizi hakuwa na sababu ya kuteremka korongoni. Moto mkubwa wa msitu ulipofika 2019 na 2020, wazima moto waliilinda ile miti ya asili, na miche ilikuwa imekwisha tawanyika katika bustani za dunia.

Nasi tunalo letu, ambalo tulianza nalo. Ua la Usambara lilipelekwa Ujerumani na Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani katika Usambara, mwaka 1892. Alimpelekea baba yake, na Hermann Wendland wa bustani ya Herrenhausen akalipa jina la Saintpaulia mwaka 1893. Kampuni ya mbegu ya Benary, huko Erfurt, ikaanza kuliuza. Katika miaka ya 1920 wenye kitalu wa Los Angeles walileta mbegu kutoka Ulaya, wakachagua aina kumi, na kutokana na hizo yametoka maelfu ya majina yaliyomo katika orodha za leo. Wakati huo haukuwapo mkataba wowote wa kuwapa wenye nchi sehemu ya faida. Mkataba wa Bioanuwai wa 1992, na Itifaki ya Nagoya ya 2010, vilikuja ua likiwa limekwisha kuwa mali ya kila dirisha.

Hata hivyo ndugu zake wa asili wangali hai, katika kivuli cha miamba yenye unyevu ya Usambara, Uluguru na Nguru, na aina moja katika miamba ya chokaa ya Kilifi, Kenya. Baadhi wamo katika hatari kubwa ya kutoweka, kwa kuwa msitu ukikatwa jua hulifikia jiwe, na mmea huu hauvumilii jua kali. Hifadhi ya Amani, iliyoanzishwa 1997, huwalinda sehemu. Wao nao huzaliana kwa jani, basi hapana udhuru kwa mtu kumng'oa hata mmoja kwa biashara.

Wauza miche wetu, wale wa pembezoni mwa barabara za Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, wenye viriba vyeusi vilivyopangwa safu safu chini ya miti, wengi wao ni mafundi hasa. Bibi au bwana wa nyumba akitajiwa bei kubwa asikasirike upesi. Amwulize muuzaji: Huu huzaliwaje, kwa jani, kwa mbegu au kwa chipukizi? Na mama yake yuko wapi? Fundi wa kweli hulifurahia swali hilo. Humchukua mteja nyuma ya kitalu, akampitisha kati ya madebe na mapipa ya maji, akamwonyesha mmea mkubwa uliokatwakatwa pande zote, majeraha ya kisu yakiwa bado mabichi.